Mtoto Ambaye Hatukumtembelea



Katika ukurasa huu tumezoea kutafakari Injili ya Dominika au maisha ya mtakatifu wa mwezi. Safari hii kamati ya chama imetuomba tuandike juu ya jambo lililotupata sisi wenyewe, na ambalo baadhi yetu wangependa lisiandikwe kamwe. Ni habari ya gari letu, ya msichana wa miaka tisa, na ya kampuni ya bima ambayo jina lake tunaliacha, kwa sababu kesi ingali mikononi mwa mahakama, na kwa sababu makosa tunayotaka kuyaungama hapa kwanza ni yetu.

Wengi wenu mnalijua lile basi dogo jeupe lenye picha ya Bikira Maria kwenye kioo cha nyuma. Tulilinunua kwa michango ya miaka minne, ili kuwapeleka wagonjwa hospitalini na kusindikiza misiba. Jumamosi moja alasiri tulikuwa tukitoka kumzika mzee wetu mmoja. Tulikuwa watu kumi na wanne ndani, tukiimba. Tulipofika Ruashi, penye msongamano wa pikipiki na wauza maji, msichana alivuka barabara akiwa na ndoo mkononi. Dereva wetu alikanyaga breki. Gari halikusimama pale lilipopaswa kusimama. Mfupa wa paja la mtoto ulivunjika mahali pawili.

Tuseme sasa hivi lile tulilochelewa kulisema. Breki zile zilikuwa zikilia tangu wiki mbili. Dereva alikuwa ametoa taarifa. Mweka hazina alijibu kwamba tungoje michango ya mwisho wa mwezi, nasi sote tuliokuwa kwenye kikao hicho tuliitikia.

Siku ile ile tulimpeleka mtoto hospitalini kwa gari lile lile, tukaacha kadi ya bima mapokezi, tukaenda polisi kuandikisha ajali. Jumatatu tulifika kwenye ofisi ya kampuni. Yule aliyetupokea alikuwa mwungwana, alitupa viti na maji. Alisoma karatasi zetu, kisha akatuambia maneno ambayo tuliyapokea kama agizo la daktari: tusikiri kosa lolote mbele ya mtu yeyote, tusiahidi kitu, na afadhali tusionane na familia ya mtoto, maana kila neno letu lingeweza kuidhuru faili. "Mambo hayo yaacheni kwetu," alisema, "ndiyo maana mnalipa."

Tulitoka pale tukiwa na moyo mwepesi, na wepesi huo ndio tunaoutafakari leo. Kwa maana agizo la kutokukiri liliangukia watu waliokuwa na jambo la kukiri. Tulikuwa na hofu kwamba habari ya breki ikijulikana, kampuni ingetukana. Basi tukanyamaza, tukaita unyamavu wetu utii kwa mkataba. Kwa muda wa miezi kumi na mmoja hatukuvuka mlango wa mtoto yule. Kila Alhamisi tulisali rozari kwa ajili ya wagonjwa wa parokia.

Yaliyotendeka katika miezi hiyo tuliyajua baadaye, kutoka kinywani mwa mama yake. Yeye ni mjane, anauza unga na dagaa sokoni. Hospitali haikumruhusu mtoto kutoka mpaka deni lilipwe, kama ilivyo desturi mahali pengi kwetu. Walikaa pale wiki sita baada ya daktari kuandika kwamba aweza kurudi nyumbani. Mama aliuza cherehani ya marehemu mumewe. Kwenye kampuni ya bima aliombwa cheti cha daktari, akakileta. Akaombwa hati ya polisi; akaileta. Akaombwa risiti za asili, si nakala. Akazileta na kuziacha. Aliporudi aliambiwa kwamba faili imesafiri kwenda Kinshasa. Iliporudi kutoka Kinshasa, risiti hazikuonekana, akaombwa azilete tena. Hakuna siku aliyofukuzwa au kutukanwa. Aliambiwa tu: "Mama, pita juma lijalo." Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa sawa na faida yake ya siku nzima.

Katika mwezi wa saba, wakili mmoja anayewasaidia maskini bila malipo aliiandikia kampuni akiomba dola 5.200, hesabu ikiwa imeandaliwa kwa utaratibu: deni la hospitali, upasuaji wa pili wa kutoa chuma kilichowekwa pajani, mwaka wa shule uliopotea, na fidia ya maumivu na ya mguu ambao daktari alisema utabaki mfupi kidogo. Hakukuwa na jibu. Katika mwezi wa kumi na mmoja kampuni ilimwita mama peke yake, bila wakili wake, ikamwekea mezani dola 800 na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi hiyo ilisema kwamba kwa kupokea fedha hizo anaachilia milele kila dai, la sasa na la baadaye. Mama hasomi Kifaransa. Aliomba aende nayo nyumbani ili mtoto wa jirani amsomee, akajibiwa kwamba karatasi haitoki ofisini. Aliinuka akaondoka bila kusaini, na hapo tunamtukuza Mungu, kwa maana siku hiyo nyumbani hapakuwa na unga.

Mmoja wa mama zetu wa chama alikutana naye sokoni, kwa bahati tu, akinunua dagaa. Walipokwisha kujuana, yule mjane hakupaza sauti. Alimwuliza: "Mama, nasikia ninyi husali kwa ajili ya wagonjwa. Na mtoto wangu je, jina lake mnalitaja?" Mama wa chama alirudi kwenye kikao akatuuliza sisi swali lile lile. Tulitazamana. Hakuna aliyelijua jina la mtoto.

Tulikwenda Jumapili iliyofuata, watu watano, pamoja na dereva. Hatutasimulia yote. Mtoto alikuwa ameketi juu ya mkeka akifanya hesabu za darasa la tatu peke yake. Dereva wetu alipiga magoti mlangoni, akashindwa kusema. Ni mama mwenyewe aliyemwinua akampa kiti.

Tangu siku hiyo tulianza kujifunza mambo ambayo wakristu walei wenye gari walipaswa kuyajua zamani. Sheria ya nchi yetu imeifanya bima ya magari kuwa ya lazima tangu 1973. Tulikuwa tukiifikiri kuwa kodi nyingine ya barabarani, karatasi ya kumwonyesha polisi. Haikuwekwa kwa ajili ya polisi, wala si kwa ajili yetu peke yetu. Iliwekwa hasa kwa ajili ya yule atakayegongwa, ambaye hakuwepo mkataba ulipotiwa sahihi. Tangu 1966 palikuwa na kampuni moja tu ya taifa. Kanuni ya Bima ya mwaka 2015 ilifungua soko, leseni za kwanza za makampuni mapya zikatolewa 2019, na mamlaka iitwayo ARCA ikapewa kazi ya kuyasimamia. Ushindani umeleta ofisi zenye viyoyozi na vipeperushi vyenye rangi, na ni kweli kwamba sasa kadi ya bima hupatikana upesi kuliko zamani. Kulipwa ni habari nyingine.

Wakili alitueleza pia kwamba tulikuwa tumelielewa vibaya lile agizo la kunyamaza, au tulilielewa jinsi tulivyotaka. Mikataba mingi humkataza mwenye bima kukubali dhima bila ruhusa ya kampuni. Lakini kukubali dhima ni jambo moja, na kukiri kwamba tukio limetukia ni jambo lingine. Kanuni ya Bima ya Ufaransa, ambayo wanasheria wetu huisoma sana, inatenganisha mambo hayo mawili waziwazi. Kumpelekea mtoto uji si kutia sahihi ya dhima. Msamaria Mwema hakumwuliza mwenye nyumba ya wageni kama dinari zake mbili zingeweza kutumiwa dhidi yake mahakamani.

Kuhusu mkataba wenyewe, wakili alitufungulia sheria ya zamani sana, ile ya 1888 juu ya mikataba, inayotumika hata leo. Kifungu cha 33 kinataka mikataba itimizwe kwa nia njema. Tulishangaa kukuta fundisho hilo hilo katika Katekisimu ya Kanisa, namba 2410: mkataba wafaa kufanywa na kutekelezwa kwa nia njema. Na ukirudi nyuma zaidi, katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aliyemjeruhi mwenzake anadaiwa mambo mawili: kulipia siku ambazo mgonjwa hakuweza kufanya kazi, na kugharamia matibabu yake mpaka apone. Sura hiyo hiyo inazungumzia ng'ombe mwenye kupiga pembe, na mwenyewe aliyekwisha kuonywa lakini hakumfunga. Tuliposoma habari ya mwenye ng'ombe aliyeonywa, mweka hazina wetu aliomba atoke nje kidogo. Sisi ndio tuliokuwa tumeonywa juu ya breki.

Wakili huyo ndiye aliyetusimulia pia hukumu moja ya Marekani, inayojulikana kati ya wanasheria kwa jina la Crisci, iliyotolewa na Mahakama Kuu ya California mwaka 1967. Tunaileta hapa kwa sababu ilitufumbua macho kuliko hotuba nyingi. Mjane mhamiaji alikuwa na nyumba ya kupangisha. Ngazi ya nje ikavunjika chini ya miguu ya mpangaji mmoja, naye akaumia mwili na kuvurugika akili. Mwenye nyumba alikuwa na bima yenye kikomo cha dola 10.000. Mpangaji alikuwa tayari kumaliza kesi kwa dola 10.000, kisha akashuka hadi 9.000, mjane mwenyewe akajitolea kutoa 2.500 kati ya hizo. Kampuni ikakataa. Baraza la mahakama likampa mpangaji na mumewe jumla ya dola 101.000. Kampuni ikatoa zile 10.000 za mkataba, ikanawa mikono. Mjane akafilisika, akawa mgonjwa wa mwili na wa moyo, akiishi kwa msaada wa wajukuu wake.

Tuitazame hesabu ya kampuni hiyo. Ikikubali kupatana, inalipa kama kumi. Ikienda mahakamani na kushindwa, inalipa kumi ile ile. Ikishinda, hailipi kitu. Kwa hiyo haina cha kupoteza kwa kukataa. Hatari yote iko juu ya mabega ya yule mjane, na kampuni inacheza kamari kwa mali yake. Majaji walisema kwamba kampuni inapopewa nafasi ya kupatana lazima ifikiri kana kwamba deni lote, bila kikomo chochote, litalipwa na yenyewe. Ikikataa pale ambapo mtu mwenye busara angekubali, itabeba ziada yote. Waliiagiza kumlipa mjane dola 91.000 zilizozidi, pamoja na 25.000 kwa mateso ya moyo wake.

Hukumu ya California haina nguvu Lubumbashi, na hesabu ya kwetu ni tofauti kidogo. Huku kamari ya kampuni haihusu sana kikomo cha mkataba, inahusu muda. Kila mwezi unaopita hauiumizi kampuni. Kwa mjane wa sokoni kila mwezi ni cherehani moja, ni mtaji wa gunia la unga, mpaka ifike siku ambapo dola 800 zitaonekana kuwa nyingi. Yule aliyemsubirisha anajua hivyo. Tunadhani ndiyo sababu Bwana Yezu, alipotaka kusimulia habari ya hakimu asiyemwogopa Mungu, alimweka mbele yake mjane wa kurudi-rudi.

Hatutaki kuwa wadhalimu. Mkristu mmoja wa parokia yetu amefanya kazi katika bima miaka mingi (si katika kampuni hiyo), naye alituomba tuseme upande wao pia. Wanaletewa vyeti vya daktari vya uongo, hati za polisi zilizonunuliwa, ajali ya watu wawili yenye majeruhi saba. Mwenye kulipa kila dai bila kuchunguza anaiba fedha za wenye bima wengine wote. Tunakubali. Ila tulipomwuliza mtu wa kulipa madai anasifiwa kwa kazi gani mwisho wa mwaka, alicheka kwa huzuni, akasema: "Kwa kile ambacho hakukilipa." Kuchunguza kuna mwisho, faili yenye karatasi zote, iliyosomwa na kusomwa tena, haichunguzwi tena, inafichwa.

Basi tulifanya mambo mawili. La kwanza, tuliiandikia kampuni barua ya kurasa mbili tukieleza ukweli wote wa ajali, breki zikiwemo, tukiitaka ipokee pendekezo la dola 5.200, na tukisema kwamba chama kingetoa 1.000 kati yake. Tuliongeza kwamba kama itakataa na mahakama ikaamuru zaidi, tutaitaka ibebe matokeo ya kukataa kwake, kwa kuwa mkataba wetu ulihitaji nia njema kutoka pande zote. Kabla ya kuipeleka palikuwa na ugomvi mkali kwenye kikao. Ndugu kadhaa, watu wa sala, walisema kwamba kutaja breki ni kujichimbia kaburi, na kwamba mali ya chama ni ya Kanisa, haturuhusiwi kuihatarisha. Wawili wametoka katika chama tangu hapo. Hatuwahukumu, hoja yao ilikuwa ya kweli, na gari ni letu sote. Lakini hatukuona jinsi ya kuidai kampuni nia njema huku sisi wenyewe tukiificha.

La pili, tulipeleka nakala ya malalamiko kwa ARCA, na mama akajiunga na kesi ya dereva katika mahakama ya amani kama mwenye kudai fidia.

Kampuni ilijibu barua yetu kwa mistari miwili: imeipokea, inaisoma. Mahakamani wakili wake aliomba kesi iahirishwe mara nne. Tulikuwa tukienda kila mara, tukiketi benchi moja na mama, jambo lililomshangaza karani, maana hajazoea kuwaona mshtakiwa na mdai wakigawana andazi. Dereva alisimama akaeleza breki. Mkuu wa chama alisimama baada yake akasema kwamba dereva alikuwa ametoa taarifa na kwamba sisi ndio tuliomwambia aendelee kuendesha. Hakimu aliandika kwa muda mrefu.

Hukumu ilitoka siku ya Ijumaa, mwaka na miezi tisa baada ya ajali. Dereva alitozwa faini, nasi tukailipa. Mtoto alipewa dola 8.500, kampuni ikitakiwa kulipa. Zingekuwa 5.200, na moja katika hizo ingekuwa yetu.

Fedha hizo hazijatoka. Kampuni imekata rufaa. Tena imetuandikia kwamba ikilazimishwa kumlipa mtoto, itatugeukia sisi kwa sababu ya hali ya breki, ikitumia maneno yetu wenyewe ya mahakamani kama ushahidi. Wakili wetu anasema tuna hoja za kujibu, ya kwanza ikiwa ni miezi ile waliyokataa kupatana. Hasemi kwamba tutashinda. Huenda basi dogo likauzwa. Tunawaomba wanachama wajue hivyo kabla ya mkutano mkuu, wasije wakasikia barabarani.

Kwa sasa gari lina breki mpya. Upasuaji wa kutoa chuma umepangwa Jumatano baada ya Pentekoste, na hospitali inataka nusu ya malipo kabla. Mweka hazina amekusanya dola 310. Anayeweza kuongeza amwone baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe. Mtoto anaitwa Feza.